Jinsi ya kuendesha mdahalo juu ya polisi aliyemuua jirani akidhani yuko nyumbani kwake

Mdahalo juu ya kesi ya Amber Guyger, polisi Mzungu wa Dallas, Marekani, aliyempiga risasi na kumuua jirani yake mweusi, Botham Jean, mwaka 2018, huharibika mapema, na huharibika kwa njia ileile kila mara. Mmoja anasimama na kusema, "Alikosea mlango, hiyo ni ajali." Mwingine anajibu, "Angekuwa Mzungu asingepigwa risasi." Kuanzia hapo kila upande unajibu swali ambalo mwenzake hakuuliza, sauti zinapanda, na saa mbili baadaye watu wanatoka na mawazo yaleyale waliyoingia nayo.

Mwongozo huu ni wa walimu wa Kiswahili, viongozi wa vijana, kamati za misikiti na makanisa, na vikundi vya majadiliano vya Arua, Bombo, Kasese, Busia, Bweyale au Kampala. Kazi ya msimamizi ni moja: kuyatenganisha maswali manne na kutoruhusu yachanganyike. Je, ni kweli alidhani yuko kwake? Je, mtu makini angeweza kukosea vile? Je, hata kama kweli angekuwa kwake, alikuwa na haki ya kufyatua risasi? Na mwisho, adhabu gani inastahili? Kila swali lipewe raundi yake. Swali la tatu ndilo lililobeba kesi yenyewe, na ndilo ambalo watu hulirukia bila kuligusa.

Andaa ukweli kabla ya kuwaita watu

Chukua karatasi mbili za manila. Ya kwanza uandike mambo ambayo hayabishaniwi, kwa herufi zinazosomeka kutoka viti vya nyuma. Haya yanatosha:

Usiku wa tarehe 6 Septemba 2018, jijini Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Botham Jean, mwenye umri wa miaka 26, mzaliwa wa Saint Lucia, mhasibu katika kampuni ya PricewaterhouseCoopers, alikuwa sebuleni kwake akila aiskrimu. Amber Guyger, askari polisi wa Dallas mwenye miaka 30, alikuwa ametoka kazini baada ya zamu ya saa zaidi ya 13. Alikuwa bado amevaa sare na bastola kiunoni. Alikuwa mpangaji wa ghorofa ya tatu, nyumba namba 1378. Aliegesha gari ghorofa ya nne, akaenda hadi namba 1478, iliyo moja kwa moja juu ya yake. Mlango haukuwa umejifunga sawasawa. Aliingia, akafyatua risasi mbili, moja ikampata Jean kifuani. Akapiga simu ya dharura akirudia tena na tena kwamba alidhani ni nyumba yake.

Chini yake andika mlolongo wa mahakama. Siku tatu baadaye alikamatwa kwa tuhuma ya kuua bila kukusudia. Baadaye mwezi huohuo akafukuzwa kazi. Novemba 2018 baraza la raia linalopima mashtaka lilimfungulia shtaka zito zaidi, mauaji ya kukusudia. Kesi ilianza Septemba 2019 mbele ya Jaji Tammy Kemp. Tarehe 1 Oktoba 2019 juri ilimkuta na hatia ya mauaji; kesho yake akapewa kifungo cha miaka 10. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2021. Mwaka 2024 ombi lake la kuachiwa kwa masharti kabla ya muda lilikataliwa pia, na mwezi Novemba mwaka huohuo juri katika kesi ya madai iliamua alipe familia ya Jean karibu dola milioni 98.7. Jiji la Dallas lilikuwa limeshaondolewa kwenye kesi hiyo ya madai.

Karatasi ya pili ni mchoro, na usiuruke. Chora majengo mawili yakiwa yamepakana: maegesho yenye ghorofa upande mmoja, nyumba upande mwingine. Weka alama pale alipopaswa kuegesha na pale alipoegesha, kisha milango miwili, mmoja juu ya mwingine. Wengi katika hadhira hawajawahi kuishi kwenye jengo ambalo unaegesha gari ghorofa ileile unayolala, na bila mchoro watauliza hadi usiku, "Aliwezaje kupanda ngazi asijue?" Hakupanda ngazi za kupotea. Gari ndilo lililompeleka juu. Kwenye mlango wa Jean chora zulia dogo jekundu la kufutia miguu. Kwa Guyger halikuwepo, na upande wa mashtaka ulilitumia sana.

Ukiona mchoro hauingii, tumia safu za vyumba vya kupanga, ile inayoitwa "mizigo" huko Kisenyi au Katwe ambayo milango yake yote ina rangi moja. Hapo kila mtu anaelewa jinsi mguu unavyoweza kukosea. Lakini hapohapo uliza: wewe uliyeacha umefunga kufuli, ukikuta mlango uko wazi na kuna mtu ndani, unaingia au unarudi nyuma na kuita majirani? Waache walijibu kimoyomoyo. Litarudi kwenye raundi ya tatu.

Ukumbi, barua na watu

Ukumbi wa shule, wa parokia au darasa la madrasa unafaa kuliko uwanja wa wazi. Mazungumzo kuhusu polisi yakifanyika barabarani yatavuta umati, na umati hausikilizi hoja. Wiki moja kabla, peleka barua kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) na nakala kwa mkuu wa kituo cha polisi cha karibu. Eleza mada, saa, idadi ya watu, na kwamba kesi ni ya Texas na imekwisha kuamuliwa. Baki na nakala iliyogongwa muhuri, na msimamizi awe nayo mfukoni siku ya mdahalo.

Katika barua hiyohiyo mwalike afisa wa polisi wa uhusiano na jamii. Omba aje bila bunduki, na uliandike hilo waziwazi. Kuna wanaoona kumwalika polisi kutawanyamazisha watu. Hofu hiyo ina msingi, hasa Uganda, ambako wazee wengi wa Buganda walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kinywani mwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Hata hivyo sababu hiyohiyo ndiyo inayofaa kuufanya mdahalo huu kwa Kiswahili: ndiyo lugha ambayo askari kutoka Karamoja, Lango au Kigezi anaijua kazini, na hapa raia anaweza kuitumia kumuuliza afande swali, afande akiwa amekaa kitini kama watu wengine. Mpe nafasi ya kujibu jambo moja tu: askari hufundishwa kufanya nini akikuta mlango wa nyumba umevunjwa? Asipewe nafasi ya kufunga mdahalo.

Unahitaji pia msimamizi, mtunza saa mwenye kengele, mwandishi wa kumbukumbu, wasemaji wawili kila upande, na mtu anayeijua sheria. Mwanafunzi wa sheria au msaidizi wa sheria wa kujitolea anatosha, mradi awe amesoma vifungu na si kuvisikia.

Halafu juri. Weka vikaratasi kwenye kofia, kumi na viwili vikiwa na alama, na kila anayeingia achukue kimoja. Wenye alama wakae pamoja mbele, pembeni, na wasiseme neno wakati wa raundi. Kumi na wawili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa Dallas, na wakubaliane wote kwa sababu ndivyo sheria ya Texas inavyotaka. Usichague mwenyewe watu "wenye busara". Ukichagua, upande utakaoshindwa utakulaumu wewe, na watakuwa na haki.

Raundi kwa raundi

Panga saa mbili na nusu. Dakika 15 za kwanza ni za kusoma ukweli na kuonyesha mchoro, kisha dakika 10 za maswali ya ukweli peke yake. Mtu akianza kutoa maoni hapa, mkatize kwa upole: "Ndugu, tunza hilo, zamu yake inakuja."

Raundi ya kwanza, dakika 15: je, alidhani kweli yuko kwake? Msemaji mmoja kila upande, dakika nne, kisha ukumbi. Ifanye fupi. Upande wa mashtaka wenyewe haukuijenga kesi yake juu ya madai kwamba alijua ni kwa Jean. Uvumi kwamba wawili hao walikuwa wanajuana utatokea hapa, maana ulizagaa sana mwaka 2018. Uzime kwa kusema kwamba hukumu haikusimama juu ya jambo hilo.

Raundi ya pili, dakika 25: kosa hilo lilikuwa la mtu makini? Wasemaji wote wanne, dakika nne kila mmoja. Upande wa utetezi una hoja nzuri hapa na usiwanyime: uchovu, maegesho yanayofanana, korido zinazofanana, na uchunguzi ulioonyesha kwamba wapangaji wengine wa jengo hilo waliwahi kukosea ghorofa. Upande wa mashtaka una zulia jekundu, namba ya mlango, na simu aliyokuwa anaongea na mwenzake wa kazini akielekea nyumbani, ambayo walisema ilimpotezea umakini.

Raundi ya tatu, dakika 35, ndiyo moyo wa mdahalo. Swali liandikwe ubaoni neno kwa neno: *Tuchukulie kwamba ni nyumba yake kweli. Je, risasi ilikuwa ya lazima?* Kila msemaji dakika tano. Msimamizi asiruhusu mtu yeyote kurudi kwenye suala la mlango. Mambo ya kupima ni haya: alisimama mlangoni akiwa na njia ya kurudi nyuma, alikuwa na redio ya polisi, makao makuu ya polisi yalikuwa karibu, aliyekuwa ndani hakuwa na silaha, na Guyger mwenyewe, akihojiwa mahakamani, alikubali kwamba alipofyatua alikusudia kuua. Kwa utetezi: giza la chumba, ushuhuda wake kwamba aliona umbo likimjia na kwamba alitoa amri ya kuonyesha mikono, na hofu aliyosema alikuwa nayo. Majirani waliotoa ushahidi hawakusema walisikia amri ya polisi.

Hapa ndipo hadhira ya Uganda inapojaribiwa kuliko ya Dallas. Kwetu, neno "mwizi" likipigwa kelele sokoni au mtaani usiku, mtu anaweza kufa kabla hajaulizwa jina. Ndiyo maana katika ukumbi wetu hoja ya "alidhani ni mwizi" hukubalika haraka mno, hata na watu wanaomchukia Guyger. Usiipite hivihivi. Uliza: je, mwizi aliyekaa kwenye kochi, mikono mitupu, anastahili kufa? Mpe kila msemaji sekunde 30 ajibu ndiyo au hapana kabla hajaeleza. Ukimya utakaofuata utafanya kazi kuliko hotuba ya nusu saa, na usijaribu kuujaza kwa maneno yako.

Baada ya mapumziko ya dakika 10, juri ijitenge kwa dakika 20. Wapewe karatasi yenye chaguo tatu: mauaji ya kukusudia, kuua kwa kutojali hatari, hana hatia. Wasipokubaliana, mwandishi aandike hivyo. Texas kesi kama hiyo ingebidi kuanza upya. Wasisukumwe.

Dakika 20 za mwisho ni za adhabu na msamaha, na hazianzi kabla juri haijarudi. Sheria ya Texas iliruhusu kifungo cha miaka 5 hadi 99 au maisha kwa mauaji. Waendesha mashtaka waliomba isipungue 28, umri ambao Jean angekuwa ameufikia wiki ile. Juri ikatoa 10. Ni katika hatua hii ya adhabu, baada ya hatia kuamuliwa, ndipo juri ilipoonyeshwa ujumbe wa simu wa Guyger wenye dharau kwa watu weusi. Fuata utaratibu huo. Anayetaka kuzungumzia ujumbe ule asubiri, na rangi ya ngozi ijadiliwe wazi hapa kwa kirefu, kwa sababu inahusu pia swali la nani huonekana tishio akiwa amekaa kwake.

Kumbatio lile

Baada ya adhabu kusomwa, mdogo wake Jean, kijana wa miaka 18, aliomba kumkumbatia Guyger na akamwambia anamsamehe. Jaji naye akamkumbatia na kumpa Biblia. Video hiyo ilizunguka dunia nzima, na katika kumbi za dini inaweza kumeza mdahalo wote. Usiionyeshe mwanzoni. Usiionyeshe kabisa kama huna dakika 20 zilizobaki.

Ukiwa Gulu au Kitgum, muulize mzee anayeijua mato oput, desturi ya Waacholi ya kupatanisha koo baada ya mauaji, aeleze hatua zake. Atakwambia kwamba kikombe cha mzizi mchungu huja baada ya kukiri, kusema ukweli wote na kukubaliana fidia kati ya koo mbili. Bombo na Arua, mzee wa Kinubi anaweza kueleza diya, yaani fidia ya damu katika Uislamu. Kote kuwili msamaha una masharti na una mashahidi wa pande zote. Weka hilo kando ya kumbatio la Dallas, uliza ni nani aliyesamehe na kwa niaba ya nani, na kumbuka kwamba mama wa Jean, baada ya hukumu, alidai hadharani polisi wa Dallas wabadilike. Mtu anaweza kusamehe na bado kudai.

Ingekuwa Uganda

Swali hili litaulizwa, kwa hiyo mtu wa sheria awe tayari. Asichanganye sheria za nchi mbili ndani ya raundi. Azieleze kwa dakika tano tu kabla ya juri kutoka, au baada ya mdahalo.

Uganda haina juri. Kesi ya mauaji husikilizwa na jaji wa Mahakama Kuu pamoja na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, chini ya ibara ya 120 ya Katiba ya 1995, hakuna baraza la raia linalopima. Sheria ya makosa ya jinai inakubali utetezi wa kukosea ukweli, lakini imani hiyo lazima iwe ya dhati na pia ya busara. Moja peke yake haitoshi. Kuhusu kujilinda nafsi na mali, sheria yetu yenyewe inaelekeza kwenye misingi ya sheria ya Uingereza, ambayo hupima kama nguvu iliyotumika ililingana na hatari. Adhabu ya juu ya mauaji ni kifo, ingawa tangu hukumu ya Susan Kigula, iliyothibitishwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, jaji halazimiki kuitoa. Kuua bila kukusudia kunaweza kufikisha kifungo cha maisha. Na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya 2019 inamfanya afisa wa umma abebe dhima yeye binafsi, hata kama serikali nayo inawajibika.

Tahadhari moja ya kiufundi: sheria za Uganda zilichapwa upya katika toleo lililoanza kutumika Julai 2024, na namba za sura na vifungu vingi zimehama. Mwanafunzi anayesoma kutoka nakala ya zamani atataja kifungu ambacho sasa kinahusu jambo lingine, na wakili mmoja aliyekaa nyuma atamwaibisha. Afungue toleo jipya.

Mtu akisimama na msiba wake

Hili hutokea. Mama aliyempoteza mtoto mwaka 2020, wakati wa amri ya kutotoka usiku au katika ghasia za Novemba, atasimama katikati ya raundi ya tatu na kuanza kumtaja askari kwa jina. Usimkemee. Pia usimwache amalize mbele ya watu, kwa sababu kesi yake inaweza kuwa bado iko wazi, na maneno yaliyorekodiwa kwa simu yanaweza kutumika kumshtaki yeye au kuwatisha mashahidi wake. Msimamizi amwambie, "Mama, hili ni kubwa kuliko dakika tatu tulizo nazo. Naomba ukae na mwandishi wetu pembeni." Halafu mdahalo uendelee.

Mwandishi aandike kwenye karatasi mbili, moja abaki nayo mama: tarehe, saa na mahali, kituo alichoripoti na namba ya SD (ya kitabu cha matukio cha kituo) aliyopewa, kama uchunguzi wa maiti ulifanywa, wapi, na kama familia ina nakala ya ripoti, majina ya mashahidi na simu zao. Bila namba ya SD, kila ofisi itamrudisha mwanzo, kwa hiyo kama hana, hatua ya kwanza ni kurudi kituoni na mtu wa kumsindikiza kuiomba. Malalamiko dhidi ya askari hupelekwa kitengo cha polisi cha nidhamu, kile kinachojulikana kama PSU, na nakala kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ina ofisi za mikoa, Gulu na Arua zikiwemo. Barua zote ziandikwe kwa nakala mbili na nakala ya mama igongwe muhuri wa kupokelewa, pale pale dirishani, kabla hajaondoka.